Chausiku Alivyolifunga Sanduku

Chausiku binti Maulidi analima mananasi hapa Kiwangwa. Ana miaka thelathini na tisa, na mwaka huu anasomea mtihani wa kidato cha nne alioukosa alipoolewa. Somo lililomteka ni historia. Ukipalilia naye, jiandae kusikia habari za Marekani ya miaka ya thelathini, benki zinaanguka na watu wanapanga foleni kudai akiba zao. Rais Hoover alijaribu hiki na kile, watu wakamwona mzito. Akaja Roosevelt, akazifunga benki zote nchi nzima zikaguliwe, kisha Jumapili moja akazungumza redioni kama anayeongea na jirani yake. Zilipofunguliwa, watu wakarudisha pesa! Chausiku akifika hapo hutupa jembe chini kwa furaha. Sisi tulimcheka. Mananasi na marais wapi na wapi?

Hata ikafika Jumamosi ile ya kikoba, chama chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanawake watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mmoja wao, Mwanamkasi, alikuwa ameitwa msibani Miono, akaondoka na ufunguo kwenye pindo la kanga, simu imezima. Sanduku halikufunguka. Adhuhuri ikasemwa pesa zimeliwa. Alasiri Batuli, mwanachama mwenzetu, akawa anatangaza kwamba ataleta polisi. Jumapili asubuhi wanakikoba wote tukajazana uani kwa Chausiku, maana yeye ndiye mwenyekiti na sanduku linalala kwake. Mimi nilikuwa wa saba kwenye foleni, sifichi. Wa kwanza alikuwa Bi Hafidha, mama mzazi wa Chausiku.

"Nipe akiba yangu yote," mama akasema mbele ya watu.

Chausiku alimtazama. Wallahi nilimhurumia, lakini foleni sikutoka.

Najim, mwanakikoba mwingine, akajitokeza na nyundo. "Tulivunje, tuone!"

"Ukivunja kufuli leo, kesho nani ataliamini sanduku hili?" Chausiku akalikalia. "Limefungwa siku tatu. Haiingii shilingi wala haitoki. Jumatano saa tatu tunafungua mbele ya wote, na anayetaka chake atachukua."

Matusi aliyoyala siku ile hayaandikiki. Jioni sauti yake ikaingia kwenye simu zetu, kwenye kundi la kikoba. Alieleza ufunguo uko wapi na utarudi lini, daftari linasema sandukuni mna kiasi gani, na kwa nini zilizobaki hazimo. "Tumekopeshana wenyewe, tukanunua miche. Tukizidai zote kwa siku moja hazitatosha, na hakuna aliyeiba. Zimo mashambani mwetu." Niliisikiliza mara tatu. Mwanamke huyu alikuwa akifanya kweli yale tuliyomcheka!

Jumatano Mwanamkasi akashuka kwenye bodaboda, kanga imejaa vumbi, akafungua pindo huku anaomba radhi. Kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Najim mwenyewe ndiye aliyehesabu, jasho linamtoka, na hesabu ikalingana na daftari mpaka shilingi ya mwisho. Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia! Chausiku akauliza nani anataka chake. Batuli akatoa noti, akanunua hisa. Mimi nikanunua mbili, na foleni ikawa ya kuweka.

Bi Hafidha peke yake alibaki amesimama kando.

"Shikamoo, mama," Chausiku akasema, sauti kavu. "Akiba yako nikupe?"

"Marahaba. Ziache humo humo, mwanangu." Bi Hafidha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mie Jumapili nilizitaka ili polisi wakija kukuchukua, niwe na cha kukutolea kwa dhamana."