Meli ya Saa Tano

Albert anasema hana kinyongo na mimi. Mimi najua anacho, na ningekuwa yeye ningekuwa nacho. Tumekaa nyumba moja hapa Hayes, London, miaka mitano, chumba chake juu, changu chini, jiko letu sote, na tunafanya kazi ghala moja la kupanga trei za chakula cha ndege. Mtu uliyesimama naye ubavuni kwenye mkanda ule unaosogeza trei miaka yote hiyo hahitaji kukuambia ana nini moyoni.

Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mimi ni Mtanzania wa Tukuyu, jina langu Fanuel. Kiswahili chake nimekicheka sana. Anasema "mutoto", anasema "muzuri", na mimi namwambia anaongeza herufi kama mama ntilie anavyoongeza maji kwenye mchuzi wateja wakizidi. Lakini kwa Kiswahili hicho hicho Albert ndiye bingwa wa soga nyumba nzima. Akianza kisa, chai inapoa. Akigeukia Kiingereza, mtu huyo hayupo tena. Anabaki mzee wa miaka sitini na moja anayemjibu msimamizi yes, yes, okay, huku anatazama viatu vyake.

Ana mtoto mmoja tu, Armelle, aliyezaliwa na kukulia Peckham. Kiswahili anakielewa chote, ila akisemeshwa anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa hapa. Na kati yake na baba yake palikuwa na kidonda. Siku mama yake, Célestine, alipokuwa anakata roho, hospitali ilimpigia Albert simu mara sita. Simu ilikuwa kabatini. Ghalani hatuingii na simu, hiyo ndiyo sheria, na siku ile hakuja mtu kumwita. Armelle, msichana wa miaka ishirini, alimshika mama yake mkono peke yake mpaka mwisho. Albert alifika shuka limeshavutwa usoni.

Hata kabla ya hapo alikuwa amekosa mengi. Michezo ya shule, mahafali, siku ya kipaimara kanisani kwao, yote yalimkuta kazini. Armelle alimpigia simu tangu ana miaka minane kumkumbusha hiki na kile, naye Albert anajibu ndiyo nakuja, kisha haji. Sisemi alikuwa baba mbaya. Nasema alikuwa baba wa zamu, na London imejaa akina baba wa namna hiyo.

Baada ya msiba akahamia Hayes, karibu na kazi, na mtoto akabaki Peckham na wenzake. Wakawa watu wa kusalimiana Krismasi. Basi Oktoba ya mwaka juzi Armelle akaja nyumbani kwetu bila taarifa. Alisimama jikoni na koti lake, hakutaka kukaa. Akasema amepata kazi Kanada, anahama mwezi wa tatu. Ila kabla ya kuhama amekata nafasi mbili kwenye meli ya kitalii, ya kwenda Norway kutazama mianga ya kaskazini, ile ya kijani inayocheza angani wakati wa baridi. Siku kumi na tatu za Januari, yeye na baba yake. Alipokuwa mdogo waliiona mianga hiyo kwenye televisheni, na Albert alimwahidi kwamba siku moja atampeleka.

"Taa?" Albert akauliza, akijitia mzaha. "Watu wanapanda meli kwenda kutazama taa?"

Armelle hakucheka. Alisema maneno yake kwa Kiingereza, pole pole, ili baba yake asije akasema hakuelewa. Kwamba maisha yake yote amekuwa akimpigia simu. Kwamba safari hii hatampigia, hata mara moja. Atamwambia saa na mahali, basi. Akija, wataanza upya. Asipokuja, yeye atakwenda zake Kanada na hatamsumbua tena.

Mlango ulipofungwa Albert alikaa kwenye kiti cha karibu na jokofu. "Fanuel, kaka yangu," akaniambia, "hii nikiikosa, nimekosa mutoto."

Kesho yake asubuhi aliomba likizo, miezi mitatu kabla. Msimamizi wetu Kavita alishangaa, kwani Albert hajawahi kuomba likizo ndefu tangu aanze kazi. Akanunua koti zito na buti. Akanunua hata suruali za ndani za sufu, na jioni moja akazivaa akashuka nazo ngazi kutuonyesha. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tiketi zote zilikuwa kwenye simu ya Armelle. Albert ana anwani ya barua pepe, lakini aliyemfungulia ni Armelle na neno la siri analo Armelle. Kwa hiyo tulikuwa tunangoja aambiwe saa. Jumapili moja ya Januari ukaingia ujumbe wa sauti. Albert akaufungua tukiwa mezani, na sote tukaacha kula, maana mtoto alikuwa anasema Kiswahili.

"Papa, ni Armelle. Meli inatoka Ijumaa, saa tano ya usiku, pale Tilbury. Weye kuja saa tatu. Mi nitakuwa kwa mlango. Usichelewe, Papa."

Ni hayo tu. Alikuwa anayatafuta maneno moja moja, unasikia anavyopumua katikati. Lakini kilikuwa Kiswahili, na sauti ilikuwa ya Célestine kabisa, Albert alisema. Alilia bila kuficha. Halafu akaanza kumsikilizisha kila mtu: mimi, wapangaji wenzetu, Mkenya wa duka la kona, wazee wa kanisa, mpaka kazini, kwenye makabati, wakati wa mapumziko. Ujumbe ule nimeusikia si chini ya mara ishirini. Tulimpongeza. Watu wazima wote wale, wote tunajua Kiswahili, wote tulisikia saa tano ya usiku, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Mimi ndiye niliyepanga safari. Nilimwambia Ijumaa alale mchana, maana meli ya saa tano usiku itamkuta amechoka. Akalala. Saa kumi na moja jioni nikamgongea, kiza kimeshaingia na mvua ile nyembamba ya huku inanyesha. Akaoga, akavaa, akapiga magoti kusali. Nikambebea sanduku. Tulichukua treni ya Elizabeth mpaka Liverpool Street, tukatembea hadi kituo cha Fenchurch Street, tukapanda treni ya Tilbury, halafu teksi mpaka bandarini. Njia nzima alikuwa anatazama saa yake.

Tulifika saa mbili kasorobo usiku. Saa moja na robo kabla ya muda aliotakiwa.

"Leo mimi ndiye nitamungojea," akasema. Alisimama wima mbele ya lango lililofungwa, koti amelifunga vifungo vyote, uso unamnawiri. Meli hatukuiona. Tukaambiana itakuwa bado haijaingia. Nami, mpumbavu, nikamtania kwamba amewahi hata kuliko meli yenyewe. Tulikaa pale kwenye baridi kama nusu saa, tukicheka.

Mlinzi akatoka kwenye kibanda chake. Alikuwa Singasinga wa makamo, kilemba cheusi, koti la kung'aa. Nadhani alitusikia tunavyoongea, kwani alitusalimu kwa Kiswahili. Jina lake Gurmit, mzaliwa wa Kisumu, sasa anakaa ng'ambo ya mto, Gravesend.

"Mzee, mnangoja nani hapa?"

"Meli ya Norway," Albert akamjibu. "Ya saa tano."

"Ya saa tano gani? Meli ya Norway ilitoka saa kumi na moja. Mimi mwenyewe nilifunga gate."

Albert akatabasamu, akidhani mlinzi amechanganya meli. Akatoa simu yake, akamwekea ujumbe. Gurmit aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. Akaomba urudiwe. Kisha akavuta ndevu zake, akatazama pembeni.

"Huyu mtoto alizaliwa huku?"

"Peckham."

"Basi," Gurmit akasema. "Wangu ni hivyo hivyo. Ukimwambia saa mbili, yeye anaona two o'clock. Five o'clock, mzee. Alisoma five, akasema saa tano. Na five o'clock ya Januari ni giza, kwa hiyo kwake ni usiku."

Midomo ya Albert ilikuwa inahesabu: saa tisa alasiri, ndiyo ile saa tatu. Saa tisa alikuwa amelala, kwa sababu mimi nilimwambia alale.

"Kulikuwa na msichana," Gurmit akaendelea, kwa upole. Natamani angenyamaza. "Alisimama hapo hapo uliposimama, tangu saa tisa. Aliniuliza mara tatu kama nimeona mzee Mwafrika na sanduku. Alikuwa anatoa simu, anaitazama, anairudisha mfukoni. Wa mwisho kupanda ni yeye."

Albert akapiga simu ya Armelle. Haikupatikana. Akapiga tena na tena, mvua inamlowesha mkono. Gurmit alitupa chai kwenye kibanda chake, hatukuinywa.

Ndani ya treni ya kurudi ndipo tulipogombana. Albert alisema kwa sauti ya chini kwamba hatamwambia mtoto.

"Hutamwambia nini?"

"Hii mambo ya saa. Nitasema nilifungwa na kazi. Hiyo ameisha kuizoea."

Nilimpandishia sauti. Nilimwuliza kama amerukwa na akili. Mtoto anaamini umemtupa, ushahidi unao mkononi kwamba uliwahi, halafu unataka kujipaka tope?

"Fanuel, ule mutoto amesema Kiswahili mara moja tu tangu akue. Mara moja. Nikimuambia ndiyo kile kimeharibu, hatakisema tena."

"Ukweli ni ukweli!" nilisema, na abiria wakageuka.

Kwa siku mbili nilimkalia shingoni. Jikoni, kwenye mkanda, mlangoni kwa chumba chake. Mimi ni mtu wa namna hiyo, nikiona jambo limenyooka siwezi kuliacha. Jumapili jioni akachoka na mimi, akarekodi. Alieleza kwa Kiswahili, taratibu, kwamba sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza au linapozama, kwamba saa tano ya usiku kwetu ndiyo eleven, kwamba alikuwa pale langoni tangu saa mbili kasorobo, na koti jipya. Alimaliza kwa kusema huna kosa, mutoto wangu, huna kosa hata kidogo. Mimi ndiye niliyebonyeza kutuma, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinasita.

Jibu lilikuja siku ya nne. Kwanza picha moja: anga la kijani juu ya milima ya theluji, na chini yake ukingo wa meli, hakuna mtu. Kisha sauti, kwa Kiingereza, haraka haraka. Albert aliipata nusu nusu, akanipa simu nimfasirie.

Nilimfasiria yote. Armelle alisema amelia siku mbili. Alisema sentensi ile aliifanyia mazoezi wiki nzima, aliiandika kwenye karatasi, alitaka kumfurahisha. Alisema kumbe aliyeharibu ni yeye, na kwamba ameona aibu isiyo na mfano, mtu mzima asiyejua kusema saa kwa lugha ya mama yake. Hana hasira tena. Amesamehe kila kitu, hata ile siku ya hospitali. Ila kuanzia leo waongee Kiingereza tu, ili wasikosane tena. Akamaliza: "Okay, Dad?"

Alikuwa hajawahi kumwita Dad.

"Umeona?" nilimwambia Albert. "Amesamehe!" Nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe. Yeye aliichukua simu yake akapanda juu.

Mwezi wa tatu Armelle alihama. Alikuja kuaga, akamkumbatia baba yake kwa muda mrefu, wakaongea kwa Kiingereza maneno ya kuagana ya uwanja wa ndege. Tangu hapo anapiga kila Jumapili, hajakosa hata moja. Watu wa kanisani wanasema Albert ana bahati, watoto wa wenzake hawapigi. Na mimi huwa nipo jikoni, naosha vyombo, nasikia. Yes. I am good. Work good. Cold, yes. You eat? Okay. Okay, God bless. Dakika mbili, mara nyingine tatu. Anaongea na mtoto wake vile vile anavyoongea na Kavita, macho yake kwenye viatu. Armelle amempata baba anayepokea simu kila anapopiga, na hamjui.

Jumapili iliyopita alikuja mapema jikoni, akasimama karibu na sinki.

"Fanuel, kwa Kiingereza wanasema namna gani, 'nilifika mbele ya saa, nilifurahi sana kukungojea'?"

Nilimwambia. Nilikata maneno vipande vipande, naye akarudia nyuma yangu, mara tano, sita, mpaka yakatoka vizuri. Simu ikalia. Akaipokea, akanigeuzia mgongo, akavuta pumzi.

"Yes," akasema. "Good. Cold. You eat?"