Kadi Zangu Zilipodhaniwa Ramli Bulyanhulu

Nilisafiri kwa sababu ya maneno ya binamu yangu. Alisikiliza podikasti yangu ya mahojiano, akacheka: "Shija, wewe unasema karibuni na kwaherini tu. Katikati yote ni dada yako." Iliniuma, maana ni kweli. Nina ulemavu wa kujifunza. Maneno hunijia polepole, na nikiwa bado natafuta swali, dada Kabula huwa ameshaliuliza. Hana ubaya, ana haraka. Basi nikamwambia nataka mahojiano ya mara hii yawe yangu mwanzo hadi mwisho. Akakubali kunisindikiza na kufunga mdomo, ingawa nilijua nimemtwisha mzigo.

Shinyanga, asubuhi. Tulipanda basi la Kahama, mimi na kinasa sauti changu na kadi zangu. Maswali yangu siyaandiki, nayachora. Nyundo ni kazi, nyumba ni kwao anayehojiwa, macho yaliyotoka ni hofu. Kabla ya mahojiano huzitandaza chini na kuzipanga hadi swali la kwanza lije. Dada aliongea tangu Didia hadi tunaingia Kahama, nadhani alikuwa anamaliza akiba ya maneno.

Kahama, mchana. Tulikula ugali na sato, tukapata gari la Kakola, kisha bodaboda hadi kwenye machimbo madogo jirani na Bulyanhulu. Vumbi lilitupaka rangi moja sote.

Machimboni tulipokewa na Mama Neema, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na wachimbaji wake.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Karibuni." Kisha akamgeukia dada. "Huyu anakunywa chai?"

Dada akafumbua mdomo, akanitazama, akaufumba.

"Nakunywa," nikasema. "Ikiwa na tangawizi, zaidi."

Chini ya turubai nikatandaza kadi, nikaziinamia kimya. Nilipoinua macho, wachimbaji walikuwa wamenizunguka. Mmoja amevua kofia.

"Mtaalamu, tumechimba mpaka tumechoka. Jiwe lenye mali liko upande gani?"

Mwingine alishaanza kuuliza kama kuku wa kafara awe mweupe au mwekundu. Huko watu hupiga ramli kabla ya kushuka, na mimi, kwa picha zangu na kimya changu, nilikuwa mganga kamili. Dada alikuwa anatafuna ncha ya kitenge chake asicheke.

"Jamani, mimi si mganga. Nina ulemavu wa kujifunza. Haya ni maswali yangu. Nikinyamaza, natafuta neno."

"Kumbe dhahabu hata yeye haijui!" mwenye kofia akalalamika, wakatawanyika wakicheka. Nilicheka pia.

Nikawasha kinasa sauti. Nyundo ilikwenda vizuri. Nyumba pia: Mama Neema alinisimulia Ushirombo, kwao, mpaka nikatamani kwenda. Kisha nikainua kadi ya macho, na neno likagoma. Nilijua ninachotaka, ila hakikutoka. Dada akavuta pumzi ya kuuliza, nikamwonyesha kiganja. Kimya kikawa kirefu hadi jasho likanitoka.

Mama Neema aliitazama ile kadi.

"Mimi sijawahi kushuka humo," akasema taratibu. "Naogopa. Kila siku nawashusha watoto wa watu kwa kamba, halafu nasali Rozari hapa juu mpaka atoke wa mwisho. Wao wanasema mama jasiri. Wageni wakija, wananiuliza gramu za dhahabu tu."

Baadaye nilimuuliza kama tuyaondoe maneno hayo. "Yaache," akasema. "Na wao wasikie."

Tukirudi, dada alikuwa kimya mpaka Kahama, bila hata kuombwa. Hapo akasema, "Shija, mimi swali nilikuwa nalo pale. Nilitaka kumuuliza anapata gramu ngapi."

Nyumbani Shinyanga, tukihariri, tulifika penye kile kimya. Miaka yote nimekionea aibu, nikadhani ni shimo ambalo mtu mwingine lazima alifukie. Safari hii imenifundisha kwamba anayehojiwa naye anahitaji muda wa kujitafuta.

"Nikikate?" dada akauliza.

"Kiache chote," nikamwambia. "Ndimo Mama Neema alimoamua kusema."