Neno Alilolikata Shangazi

Shangazi yangu anafundisha sheria ya elimu chuo kikuu. Nyumbani tunamwita Kifungu, maana ukimkataza hata kuongeza chumvi atakuuliza ni kifungu gani kinamzuia. Yeye ni mmoja wa walioandika sheria ya kuandikisha watoto shule, miaka kumi na miwili iliyopita. Mimi nilidhani watu wa namna hiyo hawakosei.

Siku ya mwisho ya kuandikisha darasa la kwanza, bibi fundi cherehani, jirani yetu, alikuja akihema, kamshika mjukuu wake mkono. Shule imemkataa mtoto. Sheria inasema mtoto ataandikishwa na mzazi, na wazazi wa huyu wamefariki. Daftari lingefungwa saa sita.

Shangazi alivaa viatu bila kufunga kamba. Kisha tukatoka wote mbio kwenda shuleni.

"Dokta, sina ugomvi na bibi huyu," mwalimu mkuu alisema, akigonga ukurasa wa sheria kwa kidole. "Lakini neno ni hili hapa: mzazi. Mkaguzi akija ataniuliza mimi."

"Neno hilo niliandika mimi."

"Basi maana yake unaijua!"

"Rasimu ilisema mzazi au mlezi. Nikaona mlezi linarefusha sentensi bure, nikalikata. Nilidhani kila mtu ataelewa."

Bibi akamgeukia. "Kumbe ni wewe, mwanangu? Na juzi nimekushonea gauni!"

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Shangazi akafunua kifungu kingine: mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya hali ya familia yake.

"Sasa nifuate kipi?" mwalimu mkuu akauliza. "Niandikie kwamba ulikosea. Weka jina na cheo chako, nibandike humu daftarini."

Nikamnong'oneza, "Shangazi, chuoni watakusema."

"Watanisema," akajibu, akaomba kalamu. Aliandika mistari minne. Chini yake akaweka jina, cheo na sahihi.

Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akatazama saa, akafungua daftari. "Unaitwa nani?"

Mtoto akataja majina yake yote matatu kwa sauti ya kugombana.

Bibi alianza kushukuru, akalia.  Shangazi alikuwa bado anamkazia macho mwalimu mkuu.

"Na mwaka jana," akauliza, "mliwarudisha nyumbani wangapi kama huyu?"