Kaseti Iliyorudi Eldas

Mwanangu Yusuf, weka simu mezani kwanza, kioo chini, ukae. Tamasha ni kesho, halitakukimbia. Katika siku za ujana wangu kuna moja ninayoikumbuka mpaka rangi ya shati nililovaa, na ilikuwa siku ya furaha tupu. Ilikuwa siku ya pili ya Idi, hapa hapa Garissa, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nitakuhadithia yote, hata pale ninapoonekana mjinga, na hapo ni pengi.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa adeer Salat, mdogo wake marehemu baba yangu, nikimsaidia katika duka lake la nguo karibu na soko la mifugo. Mama yangu na dada yangu Habiba, huyu huyu eddo yako, walikuwa wamebaki Eldas na mbuzi na ngamia wachache. Mama hakujua kuandika, na barua hata hivyo haikuwa njia yetu. Tulitumiana kaseti. Mama alizungumza upande wa kwanza, akampa Bare, dereva wa lori la mifugo. Mimi nikisikiliza, naigeuza, naweka jibu langu upande wa pili, Bare anairudisha. Kaseti ile ile moja ilisafiri hivyo miaka miwili mpaka gamba lake likapasuka.

Ungezisikiliza leo ungecheka. Mama alianza kwa kuniulizia mimi, kisha adeer, kisha mke wa adeer, kisha watoto wa adeer mmoja mmoja kwa majina. Baada ya watu wakaja wanyama: nani amezaa, nani anachechemea, nani amekuwa mtundu. Majirani nao wakapanga foleni wanisalimie. Jambo lenyewe, kama lipo, lilikuja mwishoni kabisa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu haanzi na haja yake.

Kaseti ya safari hiyo ilifika siku tatu kabla ya Idi. Niliisikiliza dukani huku nikikunja mashuka. Nilipofika kwa ngamia anayechechemea akaingia mteja, nikazima. Nilikusudia kuimalizia baadaye, na kwa kweli nilikusudia, ila mchana huo huo habari zikaenea mjini kwamba yule mpiga kinanda anakuja.

Sasa elewa nilivyompenda mtu huyo. Kanda zake nilizicheza mpaka zikaanza kuvutika na sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye usingizi. Nilijua wimbo gani amekohoa ndani yake. Alikuwa akifanya kila kitu peke yake kwa kinanda cha umeme: ngoma, filimbi, gitaa, vyote vilitoka kwenye mashine moja. Nilikuwa nimemsikia miaka na sijamwona. Nikaapa kwamba nitamrekodi kwa redio ya adeer, niwe naye milele.

Tatizo ni kwamba vijana wote wa Garissa walikuwa wameapa hivyo hivyo. Kaseti tupu zilikwisha, na siku ya Idi maduka yalifungwa. Nikaiangalia kaseti ya mama; upande wa pili ulikuwa wa jibu langu, ukabaki ule wa mama. Wewe hukuwahi kuzitumia, kwa hiyo nikueleze: mgongoni mwa kaseti kulikuwa na vijiplastiki viwili, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, upande ule haurekodiki tena, na kilichomo hakifutiki. Safari hii kijiplastiki cha upande wa kwanza kilikuwa kimevunjwa. Hakikuwahi kuvunjwa kabla. Nilijiuliza ni nani amekivunja, na kwa nini. Nilijiuliza hivyo huku tayari nakunja karatasi ya pakiti ya majani ya chai, nikaishindilia kwenye tundu, redio ikakubali kurekodi.

Tamasha lilifanyika uwanja wa shule, baada ya sala ya alasiri, ili watu wawe nyumbani kabla ya magharibi. Wanaume upande huu, kina mama na wasichana upande ule, watoto kila mahali. Jukwaani palikuwa na meza moja, kinanda kimoja kirefu cheusi, na spika mbili zenye kimo cha mtu. Tukatazamana. Ngoma ziko wapi? Akatoka mtu mwembamba, mfupi kuliko nilivyomfikiria, akatoa salamu, akabonyeza kitu kwa kidole kimoja, na ngoma zikaanza. Nilizisikia kifuani kabla ya masikioni. Vumbi lilikuwa likirukaruka mbele ya spika. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina aliinuka akazunguka nyuma ya jukwaa kuwatafuta wapigaji waliofichwa, akarudi akitikisa kichwa, akaketi, na tangu hapo hakubandua macho.

Kuna wakati alikiacha kinanda kabisa, akasogea ukingoni kunywa maji, na muziki ukaendelea wenyewe bila mkono wa mtu. Uwanja mzima ulipiga kelele. Mimi nilipiga kelele kuliko wote, redio ikiwa begani, sentimita chache kutoka mdomoni mwangu.

Katikati ya wimbo wa tatu jenereta ilizimika. Kinanda kikafa. Yule mtu hakukasirika. Aliimba hivyo hivyo kwa koo lake, akipiga makofi, na kina mama wakamwitikia mpaka umeme uliporudi. Rafiki zangu wa wakati ule, wazee sasa, bado wanakizungumzia kipande hicho. Mimi sikukiona. Nilikuwa nimeinama, nikichungulia dirisha la redio kuona kama kaseti inazunguka.

Sitakudanganya eti sikufurahi. Nilirudi nyumbani nikielea. Niliposikiliza nilichorekodi, kilikuwa kibaya mno, mngurumo tu wa spika na juu yake sauti yangu nikishangilia kama mwendawazimu. Hata hivyo nilikipenda. Fundi wa redio alininakilia nibaki na yangu, na ile kaseti ya mama nikaona niirudishe vile vile iwe zawadi, ili watu wa Eldas nao wasikie mashine inayopiga ngoma. Upande wa pili nikaweka salamu: mimi mzima, adeer mzima, poleni kwa ngamia anayechechemea. Nilimaliza kwa dakika nne.

Bare alipokuja kuichukua, aliishika kidogo mkononi.

"Umesikiliza ya hooyo yako?"

"Nimesikiliza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, walaahi."

Kiapo hicho ninakiombea msamaha mpaka leo, mwanangu.

Wiki tano zikapita. Bare akarudi na mzigo wa mbuzi, akaja dukani kunywa chai na adeer. Aliniuliza kama kuna kaseti nyingine. Nikamwambia hakuna, kwani ipi?

"Dada yako ameniuliza mara mbili," akasema. "Anadhani labda nimeiangusha njiani."

Adeer akainua kichwa. Akamwambia aeleze, na Bare, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akaeleza.

Habiba alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane na kuitwa shule ya wasichana hapa mjini. Alitaka awe muuguzi. Alihitaji mtu wa kumpokea Garissa, na mtu huyo alikuwa adeer. Lakini mama hakuweza kumwomba shemeji yake moja kwa moja. Unajua desturi yetu, ombi zito hupitishwa kwa mtu wa katikati, ili anayeombwa aweze kukataa bila kulitamka neno hilo. Akinyamaza, basi amejibu, na hakuna anayeuliza tena. Mtu wa katikati nilikuwa mimi. Mwishoni mwa upande ule, baada ya watu wote na mbuzi wote, Habiba mwenyewe alikuwa ameshika redio na kusema: walaal, ndugu yangu, niombee kwa adeer, ukisema nije nitapanda lori la Bare. Halafu akachukua mwiba akavunja kile kijiplastiki, maneno yake yasije yakafutika njiani.

"Sanduku alikuwa amelifunga tangu Idi," Bare akasema. "Nilikuwepo wakisikiliza. Walianza upande wako, salamu. Wakageuza, zikatoka zile kelele. Hooyo yako akasema zima, betri zitakwisha. Msichana akasema ngoja, labda ataongea mwishoni."

"Halafu?" adeer akauliza.

"Akangoja mpaka kaseti ikasimama yenyewe." Bare alikizungusha kikombe chake. Akanitazama mimi. "Sauti yako ilikuwamo. Ulikuwa unashangilia."

Adeer alipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Ningemchukua siku hiyo hiyo," akasema. "Wewe hukuombwa ngamia. Hukuombwa chochote. Uliombwa kusikiliza tu."

Hakunipiga wala hakuinua sauti. Ningetamani angenipiga.

Asubuhi tulikwenda shuleni, yeye mbele mimi nyuma. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole kutoka bara, alifungua daftari lake kubwa. "Tulimngoja wiki mbili, mzee," akamwambia adeer. "Nafasi tukampa mwingine. Jaribuni mwaka ujao." Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Mbuzi walikufa, ngamia wakahamishwa mbali, na Habiba akahitajika nyumbani. Mwaka wa tatu hakuna aliyetaja shule tena.

Wiki ile ile tuliyokwenda shuleni, nilipanda lori la Bare nikaenda Eldas kuomba radhi. Nilimkuta Habiba kisimani akinywesha mbuzi. Nikamweleza yote, karatasi ya majani ya chai, walaahi, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mimi nilidhani adeer amekataa, na wewe umeniwekea muziki ili nisihuzunike."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya mbuzi wale wote.

Sasa eddo yako unamjua. Anauza maziwa ya ngamia, ana wateja kuliko watu wote sokoni, amelea watoto sita, na ulimi wake ni mkali kuliko wangu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, na usidhani ninamwonea huruma, maana akisikia atanichapa. Lakini kila ninapoingia hospitali na muuguzi wa umri wake akanipita kwenye ukumbi, moyo wangu huuma. Nyimbo zile bado anazijua zote kwa mpangilio wake. Akikamua maziwa huziimba, na katikati ya ule wa tatu hunyamaza kidogo, pale jenereta ilipozimika, kisha anaendelea.

Ndiyo maana hivi punde nilikushika mkono. Ulikuwa umeketi hapo ukifuta vitu kwenye simu upate nafasi ya kurekodi tamasha la kesho, na nilipokuuliza unafuta nini ukaniambia, "Ni sauti za eddo tu, aabo. Ni ndefu, na ni salamu tu. Anasalimia watu wote hadi mbuzi." Nikasema icheze. Tukasikiliza pamoja dakika saba. Umeulizwa wewe, nimeulizwa mimi, mama yako, paka. Ulikuwa unatabasamu na kunitazama kana kwamba unasema, si nilikwambia? Na mwishoni kabisa ukasikia mwenyewe:

"Yusuf, nasikia siku chache zijazo anakuja mtu wa mashine. Muziki huo mimi nimeusikia kwenye kaseti tu, sijawahi kuuona ukipigwa. Kama una nafasi, nipeleke. Kama huna, hakuna neno."

Ujumbe ule ulikuwa na siku nne. Siku nne eddo yako amekaa na jibu ambalo hukujua umelitoa. Wewe ni wa mjini, kwako kunyamaza ni kusahau tu. Kwake yeye ni jibu, na hatakuuliza mara ya pili. Nilikuona uso ukikubadilika, na nilifurahi kuuona hivyo, kwa sababu mimi niliujua ukweli baada ya wiki tano na wewe umeujua kabla hujachelewa.

Basi nakuusia hivi. Muziki sikukatazi, ningekukatazaje mimi? Lakini kabla hujafuta sauti ya mtu, isikilize mpaka inyamaze yenyewe. Ukiona mtu wako anazunguka kwa salamu ndefu, usimharakishe, maana haja yake inatafuta ujasiri wa kutoka. Ukiombwa neno, jibu, hata kama jibu ni hapana, usimwache mtu na sanduku lililofungwa. Usiapie usichokisikia. Na huko uwanjani kesho simu iache mfukoni. Umeme ukizimika, inua kichwa.

Sasa ichukue simu yako. Mpigie, usimwandikie, mwambie utamfuata saa tisa na nusu, na umtafutie kiti mbele upande wa kina mama, aione hiyo mashine vizuri. Mwenyezi Mungu akupe masikio yasiyo na haraka, akujaalie watu wa kukutumia salamu ndefu mpaka uzeeni, na kila anayekuomba akukute ukisikiliza. Mkarudi salama wote wawili, na ukifika mlangoni uniambie alivyokuwa uso wake ngoma zilipoanza.