Diski Pacha

Fundi Saba alipata jina lake siku alipobana mifumo saba ya Linux ndani ya kompyuta moja, kila mmoja ukingoja zamu yake kwenye menyu ya kuwashia. Tangu hapo alisahau neno "haiwezekani", na fundi aliyelisahau neno hilo ni wa kuogopwa.

Asubuhi ile mteja alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mpima ardhi. Mashine yake ilikuwa na diski mbili. Moja ilibeba ramani za viwanja za miaka kumi na miwili. Nyingine ilikuwa na mfumo mkongwe tu. Huo ndio wa kufutwa, nafasi yake ikae mifumo mitatu ya Linux: Debian, Fedora na Ubuntu.

"Mbona zinafanana hivi?"

"Nilizinunua jozi, shemeji. Muuzaji nilimkaba mpaka akatoka jasho!"

Mnunuzi akipunguziwa bei, aulize kilichopungua ni nini. Ukubwa mmoja, chapa moja, hata rangi moja.

"Ramani una nakala pengine?"

"Niweke wapi? Kesho tu naipeleka moja mahakamani. Jirani anadai mpaka unapita jikoni kwa mama."

Saba akawasha, akakagua, akaandika kwenye kibandiko: YA KWANZA FUTA, YA PILI USIGUSE. Akakibandika juu ya kasha, akazima.

Halafu akafungua kasha. Hakuna mashine iliyotoka mikononi mwake na vumbi; hiyo ndiyo sahihi yake. Akachomoa nyaya mbili za diski, nyekundu zote, akapuliza, akafuta, akazirudisha.

Akachomeka flashi yenye Debian, akawasha. Programu ikauliza: diski ipi? Akasoma kibandiko. Ya kwanza. Una hakika? Alikuwa na hakika.

Mstari wa kijani ukatambaa polepole, kama nyoka aliyeshiba.

Debian ilipomaliza kuingia, mashine ikajiwasha upya. Menyu ikaleta majina mawili: Debian, na chini yake mfumo mkongwe.

"Heh! Mzee kagoma kufa!" Shemeji akapiga makofi. "Leo umenipa na nyongeza!"

Saba hakucheka. Kwa jicho aliufuata waya mmoja mwekundu kutoka kwenye diski mpaka kwenye tundu la ubao linaloipa namba yake, kisha wa pili. Akauchomoa umeme ukutani.

"Shemeji," akasema taratibu, "usiguse kitu. Hiyo kesi ni saa ngapi?"