Kizee Kilichovaa Koti Langu

Sasa nacheka, lakini siku ile kama ningeweza kujificha chini ya kitanda cha hospitali ningejificha, maana nilimwita mtu mwizi mbele ya wodi nzima, na mtu mwenyewe... ngoja, nisikimbie.

Nilikuwa nyumbani Heru Juu napepeta maharage (shule niliishia la pili, ila nyumba ya bati na shamba la mihogo nimejitafutia mwenyewe), mara ungo ukanitoka mkononi taratibu kama jani, dunia ikawa nyepesi, tamu, kama nimelazwa juu ya pamba. Mke wangu, Mama Neema, akapiga kelele, "Baba Neema, mdomo wako!" Nikamjibu mdomo wangu unakuhusu nini, tena nikagoma kupanda bodaboda mpaka anivalishe koti langu la kaki lenye kiraka chekundu kifuani. Mwanamume haendi mjini kama aliyefukuzwa na nyuki.

Njiani, nimebanwa kati ya dereva na mke wangu, niliona vilima vikinyanyuka na kutua kama mashuka kwenye kamba. Sikuogopa chochote.

Hospitalini Kasulu wakanipiga picha ya kichwa, halafu sista akaniwekea kompyuta mbele, na ndani yake yumo daktari wa Dar es Salaam, binti mdogo tu, anaongea nami kana kwamba tumekaa benchi moja. Akasema ni kiharusi, kuna dawa mpya wanaifanyia majaribio, kura ndiyo inaamua nani apewe hiyo na nani ya kawaida, nikikataa nitatibiwa vilevile, ila zote zinataka kuwahi. "Mzee, unakubali? Dakika zinakwenda."

Mimi macho yako kwingine. Chini, pembeni mwa kioo cha kompyuta, kuna kizee kimekaa ndani ya kisanduku, mdomo umeporomoka upande, udenda unashuka, kinanitazama bila haya. Nikakihurumia. "Daktari, anza na yule babu, amekwisha. Mimi mzima." (Maneno yalitoka kama uji, naambiwa.)

Ndipo nikaona kiraka chekundu.

"Koti langu! Sista, ita polisi, kizee kile kimeniibia koti!"

Wodi ikaamka. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta akasema, "Mkamate mwenyewe mzee, huyo hana mbio." Wakaangua kicheko, nami nikazidi kupandisha hasira, daktari anaita mzee, mzee, na dakika zinakwenda.

Mama Neema akaja kusimama nyuma yangu. Akatokea nyuma ya kizee. Akaniwekea mkono begani, na kizee nacho akakiwekea.

"Mume wangu," akasema polepole (hajawahi kuniita hivyo mbele za watu), "huyo ni wewe."

Nikakitazama. Mwisho nikasema, "Daktari, nimekubali. Tutibu wote wawili."

Dawa ipi iliniangukia sijui hadi leo. Mkono bado mzito, ungo naushika. Nimeapa, siku Mama Neema akitaja tena mdomo wangu, naondoka kwenda hospitali hata na kaptula. Na daktari akinijulia hali kwenye kompyuta, sianzi na yeye. Naanza na kile kizee, nakisalimia kwa Kiha, mwakeye, halafu natazama mdomo wake unavyojibu. Siku hizi unanyooka.