Baba Si Mwajiri

Jovina alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi kule Tabora. Wazazi wake waliporudi Burundi, kwenye kilima chao cha Gasorwe, mkoani Muyinga, yeye alibaki kwa shangazi ili amalize shule. Shangazi alipopewa uraia wa Tanzania, naye akapewa, wakaukana ule wa Burundi, na hakuna aliyeona ubaya. Akasomea uuguzi, akaajiriwa Nzega.

Kisha mama akafariki, na baba yake, mzee Fabiano, akatokwa na kidonda cha kisukari mguuni. Jovina aliacha kazi, akavuka mpaka, na huko akaambiwa kwamba katika nchi ya baba yake yeye ni mgeni. Kuja kusalimia ruhusa ilikuwepo. Kukaa na kufanya kazi kulitaka viza, na viza ilitaka barua ya mwajiri anayesema kwamba anamhitaji muuguzi huyu na anamdhamini.

Barua hiyo aliipata kwa Haji Aboubakar, muuza vitenge wa mtaa wa Yoba, mjini Gitega, aliyekuwa amefungua zahanati ndogo mjini Muyinga, kwao mke wake. Ilikubaliwa bila swali. Mchana Jovina alihudumia wagonjwa wa Haji, jioni alirudi Gasorwe kumsafisha baba kidonda, na kidonda kikaanza kufunga.

Lakini mafuta ya jenereta yalikosekana, dawa nazo zikaadimika, na zahanati ikafungwa. Viza ilikuwa karibu kwisha. Jovina akaenda Gitega.

"Haji, naomba barua kama ile ya mwanzo."

Aboubakar alikikunja upya kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari.

"Mi nitaandika nini ndani, Jovina? Kazi haiko. Clinique iko imefungwa, watu yote wanajua. Wakikuja kuangalia, watakuta kufuli."

"Andika kwamba utafungua."

"Nitafungua siku gani? We unajua?"

Jovina akafungua pasipoti, akamwonyesha tarehe ya viza.

"Nikiandika uongo, si mi watafukuza. Ni we," alisema Haji.

Hata hivyo hakumwacha hivi hivi. Alimpeleka kwa mpwa wake Husni, mwenye duka la dawa, na Husni akaandika barua nzuri, akaipiga muhuri. Jovina aliisoma tena na tena njiani, moyo ukatulia.

Kwenye ofisi ya uhamiaji, karani alimpa kiti kwanza.

"Duka hili halina kibali cha kuajiri mgeni, dada. Wakikiomba leo, kitatoka viza yako ikiwa imekwisha."

"Na baba yangu? Yeye ni Mrundi."

"Hiyo ni njia nyingine. Unaweza kuomba urudishiwe uraia. Ila utasubiri ukiwa nje ya nchi. Ukiingia kabla ya jibu, hata kwa kusalimia, ombi linafutwa."

Alisema kwa upole, akamsindikiza mpaka mlangoni. Jovina alitamani mtu huyo angekuwa mkali, apate wa kugombana naye.

Nyumbani mzee Fabiano alimsikiliza, mguu ukiwa juu ya kigoda.

"Waambie mimi ndiye baba yako."

"Nimewaambia. Wanasema baba si mwajiri."

"Basi nakuajiri mimi. Kunisafisha mguu si kazi?"

Hakuwa akitania. Jovina akainama, akaendelea kufunga bandeji.

Siku zilizobaki alimfundisha jirani, mama Efrazia, kuchemsha maji, kunawa mikono, kutazama rangi ya nyama ya kidonda. Efrazia alikuwa na moyo, lakini macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Jovina aliliona hilo na hakuwa na mtu mwingine. Alipeleka ombi la uraia, akaenda kupanga chumba Ngara, upande wa pili wa mpaka, ili asiwe mbali.

Simu ya Efrazia ilikuja mvua zilipoanza.

"Mguu unanuka, mwanangu."

"Ni mweusi au mwekundu?"

"Siwezi kusema. Sioni vizuri."

"Mpeleke hospitali leo, mama. Tafadhali."

"Nitampeleka na nini? Pikipiki hazina mafuta."

Jovina alibeba mkoba wake mpaka barabarani, akasimama. Akivuka, ombi linakufa, na baada ya hapo ataishi na baba yake kwa kibali cha nani? Akimpigia simu Haji, atakuwa amemtwisha mzigo usio wake. Akapiga. Haji aliuliza jambo moja tu, nyumba iko wapi. Alikesha kutafuta mafuta Gitega nzima, na kesho yake akafika Gasorwe na gari la kuazima, akambeba mzee mwenyewe.

Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Mzee alipoweza kuongea, Haji alimwekea simu sikioni.

"Usilie," mzee Fabiano alisema. "Kidonda hakipo tena."

Jovina, aliyekuwa amekisafisha kidonda kile jioni baada ya jioni, aliuliza kama amekula. Mzee akasema amekula kidogo. Kisha mtandao ukakatika, na ombi la uraia lilikuwa bado halijajibiwa.